Siku Kichwa Kinapong'aa

Jirani yetu Mwinjilisti alikuwa mfungaji, na alichokitaka kuliko vyote ni kwamba mtu yeyote asijue kuwa kafunga. Mtaa mzima wa kwetu hapa Chake Chake ulijua. Kila Jumatano na Ijumaa, na siku zote za Kwaresima, alitoka mlangoni asubuhi upara wake umepakwa mafuta ya nazi ukang'aa, na wazee wanaokaa barazani kwa kahawa wakimwona anateremka waliambiana bila hata kugeuza shingo, "Leo kafunga yule."

Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa mtiifu kupita kiasi. Bwana wake, alituambia, ameagiza kwamba mtu akifunga asitembee na uso wa msiba. Anawe, apake kichwa mafuta, watu wamwone ni yule yule wa siku zote. Basi yeye akanawa na akapaka. Mimi ni fundi cherahani, mashine yangu iko barazani, na Mwinjilisti hawezi kwenda popote bila kunipita. Siku moja nikamwambia, "Mwinjilisti, hayo mafuta ndiyo yanayokutangaza. Ungepaka kila siku, nani angejua?"

Akasimama, akafikiri kwa haki kabisa.

"Mafuta ya nazi kila siku ni anasa, Fundi," akasema. "Na nikiingia kwenye anasa itabidi niifungie."

Nimeshona nguo za watu wengi wagumu, lakini yule sikupata pa kupitisha sindano.

Tena mafuta hayakuwa hila yake ya pekee. Alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno. Siku ya kufunga, ikifika adhuhuri, hutoka akasimama kizingitini kijiti kikiwa pembeni mwa mdomo, akajipapasa tumbo na kutazama mawingu kama mtu aliyekwisha maliza sahani mbili za wali. Tumbo lenyewe huku linanguruma tunalisikia. Siku ya kawaida, aliyokula kweli, hakuwa na kijiti wala hakutazama mawingu, kwa hiyo hapo napo tukawa tunajua.

Haya yote yangekuwa ya kucheka tu, na kucheka tulicheka sana, lakini ndani yake mlikuwa na jambo lililotuuma sote. Mwinjilisti alikuwa na mtoto mmoja, Danieli, mwenye kazi yake Tanga, na Danieli alikuwa hasemi naye. Alikata mawasiliano tangu siku ya harusi yake. Hapokei simu, hatumi salamu. Mke wa Mwinjilisti alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo kule upande wa pili wa ukuta alibaki peke yake na ombi moja: mwanangu arudi. Na aliamini, kama ninavyoamini mimi kwamba uzi ukikatika mshono unafumuka, kuwa ombi hilo lingefika siku atakapofunga saumu moja kamili ambayo hakuna mwanadamu aliyeijua. Mtu akimwambia tu, "Leo umefunga, Mwinjilisti?" basi kwake imeharibika. Anatabasamu, anarudi ndani, anajipanga kuanza upya wiki ijayo.

Sasa fikiria mtu mwenye sharti hilo anaishi Pemba, ambako huwezi kwenda kununua kiberiti bila kuulizwa hali yako, ya wanao, ya mgongo wako na ulichokula jana. Miaka ikapita hajapata hata saumu moja nzima.

Mama yangu, Bi Salma, ndiye aliyeamua kwamba mtaa umsaidie. Alipita baraza kwa baraza, fimbo mkononi. "Siku kichwa kinapong'aa msimuulize kitu," akawaambia. "Muacheni ntu wa watu afunge." Wazee wa kahawa wakaahidi. Ijumaa iliyofuata Mwinjilisti akateremka na upara wake, na mmoja wao, mzee mwenye nia njema kabisa, akampigia ukelele toka mbali: "Mwinjilisti, karibu kahawa, maana sote hapa twajua leo hukufunga." Mwinjilisti akashukuru, akageuza, akarudi nyumbani. Mama hakusema na mzee yule mpaka Idi.

Niseme kidogo kuhusu nyumba, ili ieleweke tuliyajuaje yote haya. Nyumba yetu na yake zilikuwa nyumba moja, ya babu yangu Mmanga, enzi za mikarafuu yake. Mikarafuu imebaki kwenye hadithi za Mama, na nyumba imekatwa katikati kwa ukuta wa tofali moja. Upande huu tunakaa sisi, upande ule kanisa lilimpangia Mwinjilisti. Ukuta ulikuwa mwembamba, na Mwinjilisti alikuwa na sauti ya kanisa kubwa ambalo hakupewa.

Hakuwa na saa ya kumwamsha. Adhana ya alfajiri ikilia naye anaamka. Mama anatawadha huku, yeye anapiga magoti kule. Mwaka mmoja alikuja muadhini mpya mwenye usingizi mzito, na aliyekwenda kulalamika kwa shehe wa msikiti alikuwa Mwinjilisti. "Shehe, mnanichelewesha maombi," akamwambia. Shehe, muungwana yule, akamwomba radhi, na muadhini akanunuliwa saa.

Maombi yake yalikuwa na mpangilio. Yakianza kwa maaskofu, yakashuka kwa wakubwa wa serikali, yakapita kwa waumini wake, kisha yakaingia mtaani nyumba kwa nyumba. Asubuhi moja tukasikia, "Na jirani yangu Bi Salma, Bwana, mlainishie goti lake la kushoto, na ulimi wake." Mama alikuwa kwenye msala. Akamaliza sala yake vizuri, akatoa salamu kulia na kushoto, kisha akajisogeza na kuupiga ukuta kwa kiganja.

"Ulimi wangu una nini?"

Sauti ikajibu, ndogo kuliko kawaida yake, "Bwana anajua."

"Na goti lenyewe ni la kulia."

"La kulia, Bwana," Mwinjilisti akasahihisha.

Goti lilipopata nafuu Mama alisema ni ile dawa ya kuchua aliyoletewa kutoka Konde. Lakini lilipomrudia, hakutuma mtu Konde. Aligonga ukuta. "Mwinjilisti, umenisahau?"

Hata hivyo kwenye saumu yenyewe hawakupatana hata siku moja. Saumu ya Mwinjilisti iliruhusu maji, na iliishia saa tisa alasiri. Kwa Mama jambo hilo lilikuwa halieleweki kabisa. "Wafunga, kisha wanywa maji," alimwambia. "Umefunga nini hapo? Umechelewa kula tu." Mwinjilisti akamjibu kwa adabu kwamba sisi nasi tunafunga mchana halafu magharibi tunafungulia ghala zima. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba mwenzake hayupo, "Maneno hayo kayasema ntu aliyekula kaimati zangu jana."

Na alizila kweli. Hilo ndilo lililotushangaza kwa yule mtu, maana mfungaji yule alikuwa mlaji sijapata kuona. Pweza wa nazi alimla akanyonya na mchuzi uliobaki kwenye kidole. Ramadhani, futari ya Mama ikitandikwa, yeye yuko barazani mapema, kafunga saumu yake ya maji au hakufunga, na kwa kaimati alikuwa hana haya. Mkate wa kumimina ndio uliomvunja nguvu kabisa. Ukipikwa kwetu, kule upande wa pili maombi hukatika katikati. Nilimuuliza kwa nini mtu anayependa chakula hivyo anajitesa na kufunga.

"Ndiyo sababu," akasema. "Mimi mwili mzima nimeokoka, Fundi. Tumbo ndilo lililobatizwa mwisho, na sina hakika kama maji yalifika."

Waumini wake walikuwa wachache, watu wa bara watupu: askari, wauguzi, walimu wawili watatu, wote wakisubiri uhamisho. Kila akimfundisha mtu sauti ya pili kwenye kwaya, serikali inamhamisha. Akitangaza wiki ya kufunga na kuomba, wanamwekea maswali. Muuguzi mmoja niliyekuwa namshonea gauni alinisimulia kwamba askari alisimama kanisani akauliza kama uji ni chakula au ni kinywaji. Mwinjilisti akafumba macho. "Ukiunywa kwa kijiko ni chakula," akasema. "Ukiunywa kwa kikombe, hapo mtaelewana mwenyewe na Mungu." Wiki ile vikombe vilitumika sana kambini.

Kanzu yake ya kanisani niliishona mimi. Alinipa kitambaa cheupe akaniambia nimtengenezee kanzu, na mimi najua kanzu moja tu, ile ya kwetu, yenye nakshi kifuani na kishada shingoni. Aliipenda mno. Akaivaa kila Jumapili mpaka siku mchungaji alipovuka kutoka Unguja kuja kutazama kazi, akamkuta madhabahuni na kishada chake. Mchungaji alimvuta pembeni baada ya ibada akamuuliza kwa upole amesilimu lini. Mwinjilisti alikuja kunisimulia anacheka mpaka machozi. Nikamwambia nikitoe kile kishada. Akakataa. Akasema Mungu haangalii shingo.

Basi ndiye huyo. Kwa mambo ya watu alikuwa mlegevu kama uzi wa pamba, lakini kwa ile saumu yake alikuwa chuma, na chuma hicho ndicho kilichomkata.

Harusi ya Danieli ilifanyika Tanga. Danieli tulimlea pamoja. Alikulia ua huu, akimwita Mama "Bibi", akijua kila sufuria lilipo. Aliposema anaoa, Mama alimfungia Mwinjilisti karafuu na halwa za kwenda nazo. Mwinjilisti yeye alibeba zawadi nyingine isiyoonekana. Aliweka nadhiri ya kufunga mfululizo, usiku na mchana, tangu siku ya kupanda chombo mpaka harusi iishe, kuiombea ile ndoa. Na kama kawaida yake, hakumwambia mtu.

Harusi za bara zina kipengele cha keki. Bwana na bibi harusi wanaikata, kisha wanawalisha wazazi wa pande zote kwa mikono yao, mmoja mmoja, muziki unapigwa na mshereheshaji anatangaza kwa kipaza sauti. Bibi harusi, Neema, alimlisha mama yake, akamlisha baba yake, akaja kwa baba mkwe. Akapiga goti. Akainua kipande cha keki mpaka mdomoni kwake. Na Mwinjilisti, kichwa kinang'aa chini ya taa za ukumbi, akatabasamu, akageuza uso, akasema, "Nimeshiba, mwanangu."

Mshereheshaji akajaribu kuokoa jahazi, akasema baba mkwe ameshiba furaha. Watu hawakucheka. Neema akabaki na keki mkononi mbele ya ukoo wake wote. Mama yake akaondoka mezani. Kabla ya hapo Mwinjilisti alikuwa ameuliza maswali mengi kidogo kuhusu dhehebu la wakwe, na sasa watu wakajumlisha wenyewe: mzee hamtaki binti yetu. Danieli akamfuata nje. "Baba, kwa nini?" Mwinjilisti akamjibu, "Ni siri yangu na Mungu." Danieli akamwambia basi abaki na siri yake.

Tuliyasikia yote haya wiki aliyorudi, kupitia ukutani, akimweleza Mungu kana kwamba Mungu hakuwapo ukumbini. Mama hakungoja hata asubuhi ipambazuke vizuri. Alimkuta mlangoni kwake.

"Baba Danieli, piga simu. Nwambie mwanao ulikuwa umefunga. Nwambie ulikuwa wamfungia yeye na nkewe."

"Siwezi, Bi Salma."

"Huwezi kwa nini?"

"Nikiitaja nimeitoa. Nimeiweka chini ya ndoa yao kama jiwe la msingi. Nikilichomoa nikawaonyesha, nyumba itasimama juu ya nini?"

Mama alimtazama kama anavyotazama samaki aliyelala sokoni. "Nyumba gani?" akasema. "Wenyewe hawakutaki humo ndani."

Lakini hakumshinda. Na Mama naye, kwa ukali wake wote, ana amana. Neno alilolisikia kupitia ukutani aliliona si lake la kulisambaza. Akawa anamsukuma tu, mwaka hadi mwaka, kila anapompelekea sahani: "Piga simu." Na yeye kila mara anajibu kwamba atafunga kwanza. Atafunga ile moja nzuri, isiyojulikana. Mimi nilikuwa namhurumia na kukasirika naye kwa wakati mmoja, na hasira ikizidi nilikwenda kasi kwenye mashine mpaka nikashona mikono mahali pa shingo.

Kilichombadilisha Mama ni askari mmoja aliyehamishwa kutoka Tanga. Alipokwenda kanisani mara ya kwanza alimpongeza Mwinjilisti kwa kupata mjukuu. Wa kike, akamwambia, ana meno mawili tayari. Mwinjilisti akamshukuru sana, kama mtu anayejua. Jioni ile kule upande wa pili hatukusikia maombi. Tulisikia mtu mzima analia na anajaribu asisikike, na kwa hilo nalo hakuwa hodari.

Asubuhi Mama akanipa simu yake. "Nitafutie Danieli."

"Mama, amana," nikamwambia.

"Amana ni ya maneno yake. Meno ya ntoto kayasema askari." Sikuona vinahusianaje, na nadhani hata yeye hakuona, lakini nikapiga. Danieli akapokea, akasema shikamoo Bibi. Mama hakuitikia hata marahaba.

"Danieli, siku ya harusi yako babako alikuwa kafunga. Alikufungieni nyie, weye na nkeo. Ndo maana hakula."

 Danieli akauliza, "Kwa nini hakusema?"

"Hayo nnajua mie? Nuulize huyo Bwana wake. Mie nshakwambia." Akakata. Akaiweka simu yake chini, akaenda kuchambua mchele.

Danieli hakupiga tena. Wiki zikapita. Mwinjilisti hakujua kitu, na alikuwa katika furaha kubwa, kwa sababu mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Alikuja barazani kuniambia kwa kunong'ona, macho yanamcheka. Mji mzima umefunga. Migahawa imefungwa, hakuna anayemkaribisha mwenziwe kahawa mchana, na hakuna anayemuuliza mtu kama kafunga, maana kila mtu kafunga. "Nitajificha katikati yenu," akasema. Hata kijiti chake alikiweka kabatini, maana mwaka mmoja alijisahau akatoka nacho Ramadhani, na adabu aliyofunzwa sokoni haikumtoka.

Basi Ijumaa moja akapaka mafuta kama alivyoamrishwa, akateremka mjini, akarudi. Hakuulizwa na mtu. Nilimwona anapita akihesabu kimoyomoyo kila baraza aliyoivuka salama. Wazee wa kahawa walikuwa wamelala kwenye mikeka, domo wazi. Adhuhuri ilikwisha pita, umebaki muda mfupi tu mpaka saa tisa, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Mwinjilisti alikuwa karibu kumaliza saumu kamili ya kumwombea Danieli.

Hapo ndipo pikipiki mbili ziliposimama mbele ya mashine yangu. Kwenye ya kwanza alishuka Danieli, amenenepa, na begi. Kwenye ya pili alishuka Neema, na mtoto mgongoni amelala.

Sikuita mtu. Mama alikwisha toka, sijui goti alilitupa wapi. Akamchukua mtoto, akamtazama Neema midomo ilivyokauka, akasema msafiri anayenyonyesha hana saumu, ingia ndani. Jikoni kulikuwa na mkate wa kumimina alioupika mapema kwa futari, bado una vuguvugu. Harufu yake naamini ndiyo iliyomtoa Mwinjilisti, kwa sababu alitokea mlango wa uani huku anasema, "Bi Salma, leo umepika mape—" na hakumaliza.

Walisimama hivyo, baba huku na mwana kule, na kuku wa Mama wakipita katikati. Mwinjilisti alimtazama Mama.

"Umesema," akamwambia.

"Nimesema," Mama akajibu. "Nimekuvunjia mie. Dhambi yake niandikiwe mie, sawa? Weye baki na thawabu zako."

 Danieli alianza sentensi kama mbili tatu akazitupa. Neema ndiye aliyesogea. Alikuwa ameketi na sahani yake, na akainuka na kipande cha mkate mkononi, akaja mpaka mbele ya mzee, akapiga goti pale pale kwenye vumbi la ua, akakiinua. Mkono wake haukufika mdomoni kwa mzee. Uliishia njiani, kwa kuwa safari hii alikuwa anajua.

"Baba," Danieli akasema, "kama umefunga tutasubiri. Hatuna haraka."

Niliangalia ule upara. Ulikuwa unang'aa jua lote la Chake Chake. Nilijua, na Mama alijua, kwamba ile ndiyo saumu aliyoitafuta miaka yote, safi, haijaguswa na mtu, na imebaki kidogo mno kuisha.

"Nimefunga," Mwinjilisti akasema. Alilisema kwa sauti, mbele ya watu wanne na kitoto, neno ambalo sijapata kulisikia kinywani mwake maisha yangu yote. Kisha akapanua mdomo.

Neema akamlisha. Akala kile kipande, akala cha pili, akachukua sahani mwenyewe. Danieli alikuwa analia bila kujificha; huyu hakurithi chochote kwa babake. Mama alikuwa amefunga, mtoto begani, akimwangalia Mwinjilisti anavyotafuna, na swali alilomuuliza lilikuwa moja. "Sukari imekolea? Mie sikuonja."

"Imepungua kidogo," akasema Mwinjilisti.

"Basi rudisha."

Hakurudisha.

Alasiri alitoka na mwanawe kwenda kumwonyesha kanisa, mjukuu kamweka kifuani juu ya ile kanzu ya kishada, ambayo alikwenda kuivaa makusudi. Wazee wa kahawa walikuwa wameamka. Yule yule mwenye nia njema akamwona, akauona na upara, akakumbuka maagizo ya Mama, akajizuia kwa nguvu zote. Alisema tu, "Ramadhani karimu, Mwinjilisti."

"Karimu sana," akajibu, na akanipita.

Nikamfanyia ishara kwa kidole, juu ya mdomo wangu: masharubu. Akapapasa, akaikuta chembe ya mkate, akaangalia huku na huku barabarani kuona kama kuna anayemtazama, akaitia mdomoni.